Kijiko cha Kodi

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Mafuta yamepanda tena. Gesi vilevile. Luqman wa duka aniambia sehemu ya bei ni kodi, na kwamba mwenye hoteli kule Diani na mimi Fondo, muuza mbaazi wa Ramisi, twatozwa sawasawa kwa kila mtungi. Sawasawa! Neno limeniingia. Kila ninunuacho kina kodi, nami simtozi mtu. Ujinga huo mwisho leo.

Jumanne
Kodi yangu imeanza. Bei sijapandisha, mimi si mnyama. Nikishapakua mbaazi, nachota kijiko kimoja katika kila sahani, narudisha chunguni. Kijiko kile kile kwa wote. Garama, msimamizi wa wakata miwa, sahani yake ya kufurika, hakuinua hata macho kwenye simu. Kahaso, mkata miwa, hununua nusu sahani akala na binti yake kabla ya kwenda shamba. Aliitazama sahani. Akaniuliza kwa upole amenikosea nini. Nikamweleza usawa. Akampa mtoto zote.

Alhamisi
Wateja wamepungua! Wamevuka barabara kwa Bi Twaiba, muuza mbaazi mwenzangu, ambaye mahamri yake hata hayaumuki. Nilimwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, kisha akauliza, maadamu nimekuwa serikali, bomba la maji nitalitengeneza lini. Ana ulimi yule. Kahaso hakuhama. Twaiba hauzi nusu sahani.

Ijumaa
Kahaso ameanguka shambani na panga mkononi. Amejikata mguu. Muuguzi wa zahanati asema ni njaa. Garama naye asema asiyekata miwa halipwi. Chakula cha jioni kimenishinda. Naona haya hata kuandika.

Jumapili
Nimekwenda kumjulia hali. Yuko mkekani, mguu umefungwa kitambaa. Nilimpelekea sahani nzima, bila kodi, machozi yakanitoka mbele ya mtoto. Hakunilaumu. Aliniomba tu nisimpunguzie tena, kwani ile nusu ndiyo nguvu yake ya kukatia miwa. Nikaapa kwamba kijiko changu hakitagusa tena sahani ya mtu.

Njiani nimewaza sana. Kosa langu nimeliona: nilichota mbele ya macho yao. Kijiko nimekitupa. Kuanzia kesho nitaongeza maji chunguni kabla hawajafika.