Makopo Arobaini ya Madam Charlebois

Kila asubuhi saa moja na nusu, Rosaire Dubuc huketi kwenye kiti cha tatu cha mgahawa wa Ludivine Paré, mtaa wa Villeray, Montreal. Hula mayai mawili na maharage, kisha humsifu mpishi kwa sauti ya kutosha kufika jikoni. Asubuhi ile ya Aprili alikuwa katikati ya sifa pale mwanamke mwenye koti la manyoya alipolisukuma bakuli la sukari mpaka mwisho wa kaunta, kama aliyekuta panya ndani.

"Niondoleeni sumu hii," alisema. "Hamna shira ya mepo? Ile halisi, inayogemwa kwenye mti wa mepo?"

Ludivine alifungua mdomo ajibu. Alichelewa.

"Madam," alisema Rosaire, "umekaa karibu na mtu mwenye miti ya mepo mia tisa."

Rosaire hakuwa na hata mti mmoja. Alikuwa na ulimi, na ulimi huo ulikuwa umemlisha miaka ishirini. Mwaka juzi uliuza tiketi za maonyesho ya ng'ombe ambayo hata ng'ombe hawakuyasikia.

Mwanamke alijitambulisha kuwa Eudoxie Charlebois, mwenye nyumba ya mapumziko ambako matajiri hulipa ili wanyimwe chakula. Alikuwa amewatangazia wageni wake kwamba sukari nyeupe ni adui na shira ya mepo ni zawadi ya msitu. Mwili, ambao hausomi vibandiko, haukuulizwa maoni yake.

"Niletee makopo arobaini Jumamosi. Yakinifaa, nachukua ya msimu mzima. Lakini bei iwe ya kirafiki."

"Urafiki wetu umeanza lini, Madam?"

"Ulipotaja miti mia tisa. Mwenye mia tisa haumwi na arobaini."

Naye Madam, bila kusema, alipanga kuwauzia wageni wake shira hiyo kwa kijiko, mara tatu ya bei.

Madam alipotoka, Ludivine aliendelea kufuta kaunta. "Miti mia tisa, Rosaire."

"Nilitaka kusema elfu, nikaona haya."

Ajabu ni kwamba miti mia tisa ilikuwapo kweli. Ilikuwa Beauce, mashambani, na baba yake Ludivine ndiye aliyewaachia yeye na kaka yake. Kaka alikuwa amempa Ludivine mpaka mwisho wa mwezi: apate mnunuzi wa kudumu, la sivyo msitu unaenda kwa wakata mbao. Kila mwisho wa wiki Ludivine alikwenda kuchemsha utomvu wa miti hiyo mpaka uwe shira, akarudi na makopo, akayapanga stoo, yakakaa. Aliweza kupikia watu mia. Kumwambia mmoja wao "nunua" kulimshinda.

Rosaire aliyajua yote haya, na kumwibia Ludivine hakukuwezekana hata kwake. Kwamba angeweza tu kumpelekea Madam shira ya kweli, wazo hilo halikumjia. Miaka ishirini ya kazi humharibu mtu.

"Niazime sufuria kubwa," alisema.

"Ya nini?"

"Supu."

"Supu ya sukari ya kahawia na uwatu? Nimeona mfuko wako. Ukichemsha uwatu jikoni kwangu, kwa harufu ile wateja watadhani mepo imeota kwenye jiko."

"Ndiyo hasa ninachotaka wadhani."

Akampa sufuria. Hapo ndipo Rosaire alipopaswa kushtuka, maana Ludivine hakuwahi kumwazima hata uma bila kumtukana kwanza.

Ijumaa jioni makopo arobaini yalikuwa tayari, yamefungwa kwa mashine ya Ludivine, yamepangwa stoo kwake. Yalikuwa makopo yaleyale ambayo jimbo zima la Quebec hujazia shira: kijumba chenye moshi, theluji, na farasi akivuta sleji juu yake. Kila shamba hununua makopo hayo, picha ni moja, na hakuna anayeona sababu ya kubadilisha.

Jumamosi, Rosaire alipoyafikisha kwenye nyumba ya mapumziko, Madam Charlebois alifungua kopo moja, akalimimina lote kwenye bakuli, kisha akakwangua chini kwa kijiko. Akasugua kidole kwa kidole.

"Hiki nini?"

Ulikuwa mchanga laini. Rosaire aliangalia mlango uko wapi.

"Madam, naweza kueleza. Ile sufuria haikuoshwa na..."

"Bibi yangu alitufundisha," alisema Madam, na sauti ya kitajiri ikamtoka, ikaja ya shambani. "Shira iliyochemshwa nyumbani huacha mchanga wake chini. Isiyoacha kitu naitilia shaka. Wewe ni wa tatu kuniletea makopo mwaka huu. Wawili wa kwanza niliwaitia polisi."

Rosaire alijilazimisha kutabasamu.

"Nachukua ya msimu mzima. Nasaini huu mkataba uliokuwa kwenye boksi, na hundi naandika kwa jina lililomo: Ludivine Paré. Huyo ni mkeo?"

"Bado," alisema Rosaire, akashangaa kujisikia akisema hivyo.

Jioni Rosaire alimkuta Ludivine mgahawani akipandisha viti juu ya meza.

"Umenitapeli," alisema.

"Nimekutuma. Ungekubali kama ningekuomba?"

"Ningefikiria."

"Ungemuuzia kopo moja na kukimbia na thelathini na tisa."

Rosaire alipiga hesabu kwa uaminifu. "Thelathini na nane."

"Usiku niliweka ya kwangu kwenye boksi. Ya kwako yako stoo. Yananuka mchuzi." Alipandisha kiti kingine. "Nimempigia kaka. Msitu hauuzwi. Mgahawa naufunga, Jumatatu nahamia Beauce."

Rosaire alianza kuzunguka meza. "Yule Madam atakukandamiza bei. Unahitaji mtu wa kusema naye. Halafu barabara za kule, na matope haya ya Aprili. Halafu mtu peke yake msituni, akiteguka mguu..."

"Rosaire."

"Nasema tu, kibiashara..."

"Rosaire, unataka kusema nini?"

Uongo ulimjia wa aina tatu, wote mzuri. Akauacha ukapita.

"Nataka kuja na wewe. Ukinilaza ghalani nitalala ghalani. Nakupenda, Ludivine. Neno hilo nalisema vibaya kwa sababu sijawahi kulifanyia mazoezi."