Kitunguu cha Joviana

Jumatatu, 2 Septemba

Nimeteuliwa. Tuzo za filamu na televisheni za nchi nzima, Dar es Salaam, jukwaa, taa, zulia jekundu. Mwigizaji bora: Ildefonsi wa Mabira, miaka sabini na tatu, darasa la nne.

Haya. Si kweli. Daftari ni langu mwenyewe, nikidanganya na humu nitasema kweli wapi. Iliyoteuliwa ni filamu. Mimi ndani yake ni maiti. Nimelala kwenye mkeka, nimefunikwa shuka jeupe mpaka kidevuni, sisemi neno. Ila nilikufa vizuri. Nzi alinitembelea puani akazunguka mara mbili, sikutikisika.

Kijana mwongozaji, Winston, alikuja mwaka jana kupiga picha za msiba wangu. Waombolezaji aliwapata bila shida, maana hapa kukiwa na maiti kijijini hakuna anayeshika jembe, na watu walikuwa wamechoka kulima, wakaona hata maiti wa filamu anatosha. Dada yangu Prudensia alisikia habari huko Kituntu, akapanda bodaboda akilia njia nzima. Alinikuta nakunywa uji. Mpaka leo hanisalimii.

Sasa jambo lenyewe. Joviana, mke wangu, tuna miaka arobaini na saba ndani ya ndoa, aliigiza mjane. Winston aliwagawia wanawake kitunguu kimoja kimoja cha kusaidia machozi. Jioni ile Joviana alirudi na kitunguu chake kizima, ganda halijaguswa. Tulikila na maharage. Nimekiwaza kitunguu kile mwaka mzima. Ama alinililia bila kitunguu, ama hakunililia kabisa. Mimi nilikuwa nimefumba macho, ndiyo kazi ya maiti. Nikimuuliza, ananijibu kwamba si nilikuwepo.

Filamu bado iko kwenye kumbi za Dar, huku haijafika. Leo Winston amepiga simu. Filamu tatu zinagombea Chaguo la Watazamaji, kwa kura za ujumbe wa simu. Itakayoshinda itaonyeshwa kipande kwenye televisheni, Jumamosi tarehe kumi na nne. Kipande chetu ni msiba. Uso wa mjane, kasema, unaonekana kwa karibu kabisa.

Kwa hiyo lazima tushinde. Nimechoka hata sijaanza.

Jumatano, 4 Septemba

Byarugaba amesikia. Byarugaba ni jirani yangu na adui yangu, tulibatizwa siku moja. Fahali wake wa pembe ndefu alipita nyuma ya msiba wangu, akasimama, akakojoa, akaondoka. Sasa mzee anatangaza senta nzima kwamba filamu imeteuliwa kwa ajili ya fahali. Amempaka samli kwenye pembe. Anasema mimi na fahali sote hatukusema neno, lakini fahali angalau alitembea.

Televisheni kubwa iko dukani kwa Abdulghani. Baba yake alitoka Tanga na mzigo wa vitambaa, akaoa hapa, akabaki. Abdulghani anajua matusi ya Kinyambo kuliko mimi. Mbele ya televisheni yake kuna mabenchi na sofa moja ya mtu mmoja. Anayekaa benchi la nyuma anaona visogo. Macho yangu yana ukungu siku hizi. Bila sofa, uso wa Joviana nitausikia tu.

Nikamkumbusha Abdulghani habari za Ramadhani. Mwezi mzima nilimgongea dirisha saa kumi alfajiri ale daku, mimi Mkatoliki, kwa sababu simu yake ilikuwa haimwamshi na kibofu changu hakijawahi kuchelewa. Siku ya Idi aliniambia mbele ya watu kwamba wema ule hatausahau. Leo anasema sofa ni ya atakayewahi, kwamba Ta Byarugaba, anamwita Ta kwa heshima ya mzee, naye kaja kuiomba, na yeye hataki wazee wapigane juu ya unga wake. Kama nilimwamsha, siku nikihitaji kuamshwa nimwambie, ataniamsha. Nikamcheka. Mimi usingizi niliuacha mwaka ule nilipofikisha sabini.

Ijumaa, 6 Septemba

Kura. Hapa senta mtandao unakuja ukipenda. Nusra, binti wa Abdulghani anayesimamia duka, amejaribu kupiga kura mara tisa, imekwenda moja.

Nimewaza mpaka kichwa kikauma. Kule juu ya kilima, malishoni kwa Byarugaba, simu inajaza vile vijiti vya mtandao vyote vinne. Nimeona kwa macho yangu wachungaji wakiongea na simu kule kutwa nzima, wakicheka. Basi Jumapili baada ya misa watu wapande na simu zao, tutume kwa pamoja. Nimewatangazia kwamba majina ya wapiga kura wote wa Mabira yatasomwa jukwaani Dar es Salaam. Sijui hilo nimelitoa wapi. Lilitoka lenyewe.

Joviana ameuliza kama nitakiweza kilima na magoti haya. Nikamwambia maiti hana magoti. Hakucheka.

Jumapili, 8 Septemba

Walipanda watu thelathini na mmoja. Mimi nilipumzika mara saba. Wanawake wenye watoto mgongoni walinipita wakinipa pole. Juu kule upepo, bonde la Kagera chini, milima ya Rwanda ng'ambo. Vijiti vinne kwenye kila simu, kama nilivyosema. Nikainua mkono. Nikahesabu moja, mbili, tatu. Wakatuma.

Simu zikalia zote kwa mara moja. Nikavua kofia, nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Aliyesoma ni Nusra. Karibu Rwanda, inasema. Tunakutakia ziara njema.

Vijiti vile si vyetu. Mnara uko ng'ambo ya mto. Kura hata moja haikwenda, na salio la kila mtu limekatwa kama la mgeni. Wachungaji walijua siku zote, ndiyo maana kila mmoja anatembea na laini mbili. Hawakuniambia. Sikuwauliza.

Byarugaba alikuwepo na fahali wake, pembe zinang'aa. Akasema kwa upole kabisa kwamba amewahi kuona watu wakivushwa mpaka, lakini mtu wa kuvusha thelathini bila hata kushuka mtoni ndiyo kwanza anamwona leo. Akataka kujua kama nimewaandalia pa kulala.

Kushuka kulikuwa kubaya kuliko kupanda.

Jumanne, 10 Septemba

Naitwa Balozi. Watoto wananiamkia, shikamoo Balozi, kwa adabu zote, huwezi hata kumshitaki mtu. Fundi baiskeli ameniomba viza. Mama muuza dagaa ameniuliza kama dagaa wa ng'ambo ni wanene.

Magoti yamevimba kama viazi. Joviana ananikanda kwa maji ya moto na chumvi, anakanda kwa nguvu kuliko ugonjwa wenyewe. Nikaona nafasi ndiyo hii. Nikamuuliza taratibu, kitunguu kile, kwa nini hakukikata. Akasema vitunguu mwaka jana vilikuwa ghali. Nikasema hilo si jibu. Akasema nilete mguu mwingine.

Nusra ananipa moyo. Anasema huko Karagwe watu wanapiga kura, Kihanga nzima wanatuma. Sina imani. Watu wa Kihanga hawajawahi kunisaidia kitu, hata gari la harusi yangu waligoma kulisukuma.

Kura zinafungwa Ijumaa. Mimi nimebakiwa na kazi moja: sofa.

Jumamosi, 14 Septemba

Naandika nikiwa kwenye sofa. Nimefika saa tatu asubuhi. Shughuli inaanza saa mbili usiku.

Byarugaba alifika saa nne, kanzu nyeupe chini ya koti, akanikuta. Akasimama mlangoni kama mtu aliyesahau alichotumwa. Akaondoka. Akarudi na dumu la lubisi, pombe yetu ya ndizi, akasema tupatane, mimi na yeye tulilia maji ya ubatizo siku moja, uzee huu wa kugombania kiti ni aibu. Ninamjua. Anataka nijae, niende chooni, aikalie sofa. Nikanywa kwa niaba ya amani. Sikuinuka. Akamimina tena. Sikuinuka. Kibofu kinanilaumu, lakini kinajua leo ni siku gani.

Nilikuja na buni za kutafuna ili nikeshe. Zimekwisha. Kila anayeingia inabidi nimkaribishe kwa buni, maana leo mwenyeji ni mimi, marehemu.

Saa kumi na mbili. Duka limejaa. Joviana kaja, kavaa kitenge cha Pasaka, kajifunga na kanga juu, kakaa kwenye benchi karibu na mkono wangu wa kulia. Nimempigia hesabu: nikimgeukia nimwone, nikigeukia televisheni nimwone. Leo hakwepi.

Saa mbili na nusu. Wanaimba tu. Watu wamevaa nguo ambazo sisi tungefunikia mbegu. Sofa hii ni laini sana. Sijawahi kuikalia kutwa.

Jumapili, 15 Septemba

Tumeshinda.

Nimeambiwa.

Nakumbuka mwanamke mmoja akitoa tuzo ya mavazi bora, akafungua bahasha polepole kama anamenya yai. Nikasema nipumzishe macho kidogo, yaje mapya kwa ajili ya msiba. Nilipoyafungua televisheni ilikuwa inaonyesha mpira, mabenchi yamepangwa ukutani, na mimi nimefunikwa kanga ya Joviana mpaka kidevuni.

Wananisimulia leo kanisani, wote kwa mpigo. Kihanga walipiga kura kweli. Winston alipanda jukwaani, akawashukuru watu wa Kyerwa, wilaya yetu. Kisha kipande kikaja. Halafu mtu akageuka akaniona kwenye sofa, kanga kidevuni, na kule kwenye kioo shuka kidevuni, na ndipo duka lilipoanguka kwa kicheko. Hata kicheko hakikuniamsha. Byarugaba anasema alilinganisha muda mrefu, na kwa maoni yake yule wa kwenye televisheni alikuwa na uhai zaidi.

Nikauliza uso wa Joviana ulikuwaje. Byarugaba hajui, alikuwa anamtafuta fahali. Fahali amekatwa kwenye kipande, umebaki mkia. Hilo limenipoza kidogo.

Abdulghani hakuona. Alikuwa juu ya bati ameshika dishi kwa sababu ya upepo, akasikia kicheko akadhani ni vichekesho.

Nusra aliona. Aliona vizuri, anasema, alikuwa mbele. Lakini Ma Joviana kampa mkungu wa ndizi asiseme. Mama muuza dagaa, mkungu. Fundi baiskeli, mkungu. Nikaenda kuangalia shambani. Migomba mitano imekatwa. Ndizi zangu mwenyewe. Mabira nzima imeuona uso wa mke wangu isipokuwa mimi, na nimewalipa kwa kuuona.

Jumatatu, 16 Septemba

Nimemuuliza Joviana. Amesema si nilikuwepo. Mara mbili sasa, amesema, nimekuwepo mara mbili.

Alikuwa anamenya kitunguu. Machozi yanamtoka, kayafuta kwa kiwiko. Nikamtazama sana ili nijue yanavyokaa usoni, nikiyaona mengine niyatofautishe. Akaniuliza natazama nini. Nikasema nawaza chakula.

Nusra anasema kipande kiko hata kwenye simu, mtandao ukitulia. Sitaki. Machozi ya mtu mzima hayaonekani kwenye kioo cha ukubwa wa kiberiti. Na mtandao ukitulia, unatulia kule juu, na kule mimi si raia.

Lakini kuna marudio. Jumatano, saa tisa alasiri, shughuli yote tangu mwanzo. Safari hii sifanyi makosa. Nitafika saa moja asubuhi badala ya saa tatu, nikae sofa ile ile, niizoee. Byarugaba kasema ataleta lubisi tena kwa ajili ya mkia wa fahali, sitamvunja moyo, nitakunywa kidogo kidogo bila kuinuka. Buni nitabeba mara mbili, zitoshe wageni wote. Na Joviana nitamwomba aiache kanga nyumbani.

Abdulghani, ukurasa huu nauchana nakuwekea chini ya mizani, sitaki kusema mbele ya Byarugaba. Dishi Jumatano mpe mtu mwingine alishike. Wewe ukae karibu yangu. Dirisha lako niligonga asubuhi thelathini, na nyingine mvua ilikuwa inaninyeshea. Sidai thelathini. Nadai moja. Wakianza kulia, niguse bega.