Dawa ya Grisi ya Mtaalamu

Mtaalamu hakuwa na utaalamu wowote, lakini alikuwa na koti jeupe, na mjini koti jeupe hufungua milango mingi. Asubuhi hiyo alikuwa akipita nje ya gereji ya Mama Spana alipoona injini juu ya meza, kichwa chake kimefunguliwa, silinda nne ziko wazi, grisi nyeusi imeganda kila kona. Mwenye gereji alikuwa ameinamia makopo, kama asiyejua achague lipi. Mtaalamu akajiona amefika nyumbani.

Mama Spana alimweleza shida yake bila kubembelezwa. Gari la mteja linatakiwa barabarani kesho. Mafuta ya taa yanaacha utelezi, magadi makali yanakula aluminiamu, na sabuni ya maji, injini ikiwa wazi hivi, itapenya kwenye beringi na kuleta kutu.

Mtaalamu akatoa chupa ya kitu cha bluu. Yalikuwa maji ya bomba, sabuni ya vyombo na wino, ila yeye alisema ni dawa ya kusafishia injini za ndege. Akalinyunyizia bati alilokuja nalo, ambalo alikuwa amelipaka masizi mwenyewe. Bati likang'aa.

Mama Spana akashangaa kwa adabu, akaomba radhi, akaingia ndani kupiga simu. Punde akafika mwanamke mwenye miwani na mkoba mkubwa, akatambulishwa kuwa mnunuzi wa karakana kumi na mbili za mabasi. Alisema injini hii ikitakata ifikapo jioni, ataagiza mapipa arobaini.

Mtaalamu alikaribia kumeza ulimi kwa tamaa. Alisema anakwenda kuchukua dawa kali zaidi, akakimbilia duka la vipuri. Muuzaji akamuuliza kama injini imefunguliwa. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, Mtaalamu alijibu ukweli. Akapewa dawa halisi ya kuondoa grisi, isiyo na maji, inayokauka upesi. Akailipia kwa pesa yake mwenyewe, jambo lililomuuma kama jino, kisha akaimimina kwenye chupa zake.

Aliporudi, mwanamke wa miwani alisema kazi ya kitaalamu haifanywi na mtu mwingine ila mtaalamu mwenyewe. Basi Mtaalamu akaziba matundu ya oili kwa vitambaa, akashika brashi, akasugua. Adhuhuri ikampita akiwa amepiga magoti. Alasiri ikamkuta akikwangua vichwa vya pistoni kwa mswaki wake wa mfukoni. Lile koti likageuka rangi ya lami.

Jua lilipoinama, injini ilikuwa inameta. Mtaalamu akajifuta jasho, akaulizia mapipa.

Mwanamke akavua miwani. Alisema yeye hushona mapazia nyumba ya pili, na Mama Spana ni wifi yake.

"Dawa ya kufaa niliijua tangu asubuhi, mwanangu," Mama Spana akasema taratibu. "Nilichokosa ni mtu wa kuinunua na mtu wa kusugua."

Macho ya Mtaalamu yakarudi kwenye injini, na yakakaa pale muda mrefu kuliko alivyokusudia.

"Kesho kuna gia boksi," Mama Spana akaongeza. "Hiyo nitakulipa."

Mtaalamu akauliza aje saa ngapi, akajichukia papo hapo.