Malalamiko Kuhusu Kidari cha Jogoo wa Njoroge

Kwa Mama Gakii,
Mwenyekiti, Kamati ya Sikukuu ya Mavuno,
Haltom City.

Mama Mwenyekiti mpendwa,

Bwana asifiwe. Ni mimi Polycarpe wa sauti ya besi. Nakuandikia nikiwa nimetulia, baada ya siku tatu za kutotulia.

Mwezi wa tano kamati ilitugawia vifaranga wa siku moja, wa aina ile ya nyama na mayai: sita kwangu, sita kwa jirani yangu Njoroge, yule nesi. Mwenye jogoo mzito baada ya wiki kumi na sita, kuku wake ndio watakaopikwa kwa meza ya wageni. Jumamosi, baada ya kunyonyolewa, jogoo wake alikuwa kilo mbili na robo. Wangu kilo moja na nusu. Napinga matokeo hayo.

1. Makazi. Kuku wake walikaa bandani, juu ya maranda laini, wakipepewa na feni. Wangu walikuwa huru uani, wakifukuza panzi katika joto la Agosti. Nyama iliishia mbioni. Mimi pia nabeba makasha ghalani kutwa na sinenepi, lakini hakuna aliyewahi kunitoa mezani.

2. Chakula. Wake walilishwa chakula cha dukani chenye protini, kwa saa maalumu, kama wagonjwa wodini. Wangu walikula mabaki ya bugali na matembele. Ndicho chakula kilichowalea wanakamati wote, na sijaona aliyepungukiwa na kidari.

3. Waamuzi walisifu kidari tu. Ukilinganisha na mwili wake, mapaja ya jogoo wangu ndiyo yaliyojaa. Naomba kila paja lihesabiwe mara mbili.

4. Mama mkwe wangu, Mama Clothilde, alipanda basi kutoka Sharpstown, Houston, aje ale kuku wa mkwewe mbele ya watu. Alipomwona jogoo wangu kwenye mizani akauliza kwa sauti, "Huyu aliugua nini?"

Njoroge akamjibu kwa upole ulioniumiza zaidi: "Hakuugua, mama. Wa Polycarpe ni wanariadha, wangu ni wa kuliwa."

Binti yangu Zoé alicheka mpaka akakaa chini.

Kwa hiyo naomba mwakani kuku washindanishwe kwa mbio, na wale wa Njoroge wafunguliwe leo hii. Hakuna kiumbe anayependa kufungiwa.

Wasalimie wazee, kwaya yote, na mwenye mizani pia, ingawa kwa ufupi.

Aliyeshindwa kwa uzito peke yake,
Polycarpe Wilondja

N.B. Kabla sijapata stempu, upepo umeangusha uzio. Kuku wangu watano waliobaki wameingia wenyewe bandani kwa Njoroge, na wamejipanga mbele ya feni. Nilikwenda kuwatoa, wakagoma. Mkewe, Mama Lydiah, akaniona, akanikaribisha mezani kula kuku, ndugu wa yule jogoo mshindi. Nilimkuta mama mkwe ameshafika, yuko kwenye kipande cha pili. Tafadhali, Mama Mwenyekiti, barua hii uianze kusoma hapa.