Gramu Arobaini na Moja

Jumatatu, 3 Juni

Nimezuiwa kuwinda. Mimi! Miaka minane kwenye kikundi, na leo upinde wangu umetundikwa msumarini karakanani kwa Fundi kama koti la marehemu.

Kisa ni kulungu wa wiki iliyopita. Nilimpiga mbavuni, akakimbia na mshale. Dada yangu, ambaye ndiye mfuata nyayo wa kikundi, alifuata damu siku mbili. Akamkuta kwenye matete, bado hai. Akammaliza yeye. Tangu arudi ananijibu salamu tu. Tunaishi nyumba moja, kwa hiyo salamu ni nyingi.

Nilijitetea kikaoni. Nikasema mkono wangu hauna kosa, kosa ni la mshale. Gramu ishirini na mbili! Mshale mwepesi una mbio lakini hauna msukumo. Ukigusa mfupa unasalimu amri. Kinyozi, ambaye hutumia mishale hiyohiyo na hajawahi kupoteza mnyama, aliuliza nilikuwa hatua ngapi. Nikasema arobaini. Alinitazama kama anavyotazama kichwa kilichonyolewa na kinyozi mwingine.

Fundi hututengenezea pinde na ndiye mkuu wetu. Akaamua: Jumamosi tupime. Mwepesi na mzito, upinde mmoja, hatua ishirini, kila mshale mara tatu. Mzito ukizama zaidi, nimesamehewa. Usipozama, msimu mzima nakaa nyumbani.

Haki itajulikana. Nitahakikisha.

Jumanne, 4 Juni

Kazini kwa sonara. Mimi huunga mikufu iliyokatika. Mizani yake hupima hata punje ya mchele. Alipotoka, nikayeyusha risasi ya kulehemu, nikaimimina ndani ya bomba la mshale, nyuma kidogo ya kichwa. Nikapima. Thelathini na tatu. Nikaongeza. Arobaini na moja! Mshale wa mtu mzima.

Sonara akarudi na kukuta tone la risasi limeganda kwenye kitambaa cheusi anachopangia pete za harusi. Akauliza kama nina akili timamu. Nikamwambia ni mambo ya sayansi. Akasema sayansi ikafanyikie nje.

Jumatano, 5 Juni

Nimejaribu uani, kwenye gunia la matambara. Mwepesi: vidole kumi. Mzito: vidole kumi. Nikarudia. Kumi.

Nikaenda kwa Fundi, nikajifanya nauliza kwa niaba ya rafiki. Akasema rafiki yangu asidanganywe na gunia: matambara huukaba mshale pembeni, nyama haikabi vile. Akasema pia huyo rafiki aangalie kama mshale unaruka umenyooka, maana ukitikisa mkia nguvu zote huishia njiani. Halafu akanyoosha mkono, akachukua mshale wa rafiki kutoka mkononi mwangu, akapitisha kidole gumba kwenye kichwa. Akasema hakikati hata siagi. Kinolewe kwanza, ndipo tuzungumze uzito.

Kunoa! Nilimshukuru kwa adabu. Kunoa ni kwa watu wasio na mpango.

Alhamisi, 6 Juni

Nina mpango. Nimejitolea kutengeneza shabaha: magazeti ya zamani yaliyolowekwa, yakapangwa na kubanwa kwa kamba, unene wa mito mitatu. Kikundi kizima kimenisifu. Kinyozi mwenyewe ameniletea magazeti ya kibandani kwake, yenye nywele za watu.

Wasichojua: upande wa kulia nimechimba njia kwa patasi, mbele hadi nyuma, nikaijaza pamba na kuifunika kwa gazeti pande zote mbili. Jumamosi nitaomba mshale wangu upigwe kulia.

Dada alipita nikikaza kamba. Akasema hajaniona nikijituma hivi tangu tulipomzika baba. Alisema kwa upole kabisa. Nikakaza kamba.

Jumamosi, 8 Juni

Niandike tu.

Fundi alinoa vichwa vyote mwenyewe. Akatangaza kwamba atapiga yeye, ili mkono uwe mmoja. Nikaomba kulia, kwa sauti, mbele ya watu wote. Nikakubaliwa. Kisha Fundi akaliangalia jua. Akasema litampiga machoni, tuhamie upande wa pili wa ua, shabaha ibaki palepale.

Tukahama. Kulia kukawa kushoto. Ningesema nini?

Mwepesi, wa kwanza: vidole vinane. Wa pili: vinane. Wa tatu ulipita shabaha nzima bila kubisha hodi, ukaenda kujichoma kwenye mlango wa stoo. Watu wakapiga kelele. Wangu: vidole kumi na viwili, mara zote tatu.

Fundi alikuna kidevu. Akasema mara moja katika tatu si ushahidi, kuna kitu hakiko sawa. Hakuna aliyemsikiliza. Walikwenda kuutazama mlango. Imepitishwa kwa kura: Jumanne wanatoka na mishale myepesi, wote.

Dada aliibeba shabaha hadi nyumbani. Akaifungua juu ya meza ya jikoni, karatasi kwa karatasi, mpaka pamba ikatokeza.

"Bila tundu hili mzito ungeshinda," akasema.

Nilikuwa nimeshaliona. Vinane kwa kumi na viwili. Ningeshinda kihalali! Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu ilikuwa fupi mno.

"Siku ile ulikuwa hatua ngapi?"

"Arobaini, dada."

"Nilizihesabu, mdogo wangu. Sabini na mbili."

Nikatazama pamba. Akaniambia kuhusu kulungu, kwa mara ya kwanza. Alikuwa amesimama ndani ya maji, miguu imepanuka, kwa sababu angelala asingeweza kuinuka. Alimwona Dada anakuja, hakukimbia.

"Alinisubiri," Dada akasema. Kisha akaanza kukusanya magazeti. "Jumanne wengine watasubiriwa hivyohivyo, kwa sababu yako. Nenda ukaseme."

Jumapili, 9 Juni

Nimesema. Fundi alikuwa anakwangua upinde mpya, hakuacha kukwangua. Nikasema yote: tundu, pamba, hatua sabini na mbili. Hiyo ya mwisho haikutoka kirahisi. Kinyozi alikuwepo. Nilitegemea acheke. Hakucheka, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Fundi akahukumu. Mishale mizito kwa wote, iliyonolewa, na hakuna kupiga zaidi ya hatua thelathini. Mimi sitagusa upinde msimu huu. Nitatembea nyuma ya Dada na kubeba maji.

Jumanne, 11 Juni

Nimebeba maji. Saa tatu asubuhi Kinyozi alisogea kwa tumbo mpaka hatua ishirini na tano, taratibu hata nikadhani amelala. Mshale wa gramu arobaini ulipita mbavu za pande zote mbili. Kulungu akaenda hatua kumi na nne, akakunja magoti, basi. Nilihesabu mwenyewe.

Dada alipiga magoti na kuweka kiganja shingoni mwake mpaka pumzi zikaisha. Hazikuwa nyingi. Akaniita niweke na mimi. Palikuwa na joto. Nililia, sikuona haya, na Kinyozi alinishika bega. Njiani nikamwambia Dada kwamba sasa nimeelewa. Akanijibu maneno matatu yasiyo salamu: "Afadhali, mdogo wangu." Nilitembea kama niliyetuliwa mzigo, ingawa madumu yote nilibeba mimi.

Jioni nimekaa na kuyatafakari kwa unyenyekevu. Kweli nimeelewa. Kosa halikuwa la mshale. Wala la umbali, tukiwa wakweli. Ni upinde! Upinde wangu ni laini. Fundi ana mmoja mgumu juu ya kabati, ambao mwenyewe aliacha kuuvuta. Ukiwa na ule, sabini na mbili ni kama mlango wa jirani.

Kesho nitamwambia Fundi kwamba siku ile nilikosea kwa sababu ya bega bovu, na sasa limepona. Halijawahi kuuma. Lakini mgonjwa aliyepona hanyimwi kitu.