Kiboksi cha Maisha

Pankras alikuwa amekaa kwenye mgahawa mmoja Mbinga mjini, mbele ya chai ya maziwa ambayo hakujua atailipiaje, televisheni ya ukutani ilipozima katikati ya mechi. Kifurushi kimeisha, alisema mwenye mgahawa. Wateja walilalamika kwa uchungu ambao hata bei ya kahawa iliposhuka hawakuuonyesha. Pankras alilalamika nao kwa adabu, huku moyoni akimshukuru Mungu.

Wiki iliyofuata alirudi kutoka Tunduma na begi la viboksi vyeusi, kila kimoja ukubwa wa kipande cha sabuni. Alivaa shati jeupe, na shingoni kitambulisho kikubwa chenye nembo isiyosomeka. Kiboksi, aliwaeleza watu, unakichomeka kwenye televisheni, unakipa intaneti, basi: mpira, tamthilia, habari za dunia nzima. Unalipa siku ya kununua, hulipi tena mpaka unazikwa. Aliviita viboksi vya maisha. Ukweli ni kwamba vyote vilitumia akaunti moja ya majaribio, aliyoifungua kwa namba yake ya simu, na majaribio yalikuwa yanaisha mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi Pankras alipanga kuwa Njombe.

Mteja wake mkubwa alikuwa Bwana Hyasinti, meneja wa ofisi ya kampuni ya kununua kahawa. Alitaka viwili.

"Kimoja cha ofisini, cha mafunzo ya wafanyakazi," alisema. "Na cha pili..."

"Cha mafunzo ya nyumbani," Pankras akamsaidia.

"Umeelewa. Lakini vyote ni vya ofisi."

Pankras aliwapenda wateja wa namna hii. Mtu anayeiba kidogo kwa upande wake huwa hana nafasi ya kuangalia anaibiwa wapi.

Kutoka hapo aliteremka Mbamba Bay, akapanga kwenye gesti ya Mama Somoe, mjane mpole mwenye asili ya Kilwa. Alimuuzia kiboksi cha sebule ya wageni, naye akamkaangia samaki, akakaa kumsikiliza. Walikuwa hivyo, mama anachambua mchele, simu ya Pankras ilipoita. Alikuwa Hyasinti.

"Juzi niliaga ofisini kwamba naenda Mkumbi kuwaona wakulima," alisema. "Nikabaki nyumbani na tamthilia yangu ya Kituruki. Leo katibu wangu Jacqueline kawasha televisheni ya ofisini mbele ya watu wote. Imeandika: endelea kutazama, sehemu ya tisa."

"Akasemaje?"

"Kaniuliza kama wakulima wa Mkumbi hawajambo. Halafu kaniuliza kama yule binti ameshaolewa."

Pankras alitikisa kichwa kwa huzuni ya daktari. "Hapo unahitaji ukuta wa siri, bosi, kati ya nyumbani na ofisini. Ni huduma ya ziada."

Pesa ya ukuta iliingia kabla chai haijapoa.

"Ukuta huo unajengwaje, mwanangu?" aliuliza Mama Somoe.

Pankras alikuwa na udhaifu mmoja tu: hakuweza kumwacha msikilizaji mzuri bila kumshangaza. Alichukua rimoti akamwonyesha. Ukuta hakuna, unaandika majina mawili tu, na kiboksi kikiwaka kinauliza nani anatazama.

"Na anayeruhusiwa kuandika majina?"

"Mwenye namba ya simu. Hata kuibadilisha namba yenyewe ni hapa hapa: unaandika mpya, namba ya siri inatumwa kwenye simu ya zamani, unaiingiza, kwisha. Mwenye namba ndiye mwenye viboksi vyote, mama, kuanzia Mbinga mpaka hapa."

"Makubwa hayo," alisema Mama Somoe. "Hebu niachie simu niichaji hapa kaunta, umeme wa chumbani hautulii. Nenda ukaoge ziwani, maji ni mazuri saa hizi."

Pankras alienda, akaelea chali, akajiona mtu mwenye bahati. Kule sebuleni Mama Somoe alishika rimoti, akaandika namba yake. Simu ya Pankras ikalia, namba ya siri ikajitokeza kwenye kioo. Akaiingiza, kisha akausukuma ule ujumbe pembeni kwa kidole, kama anayefuta vumbi.

Asubuhi Pankras aliacha begi lake gesti, kwa kuwa angerudi jioni, akapanda gari la Mbinga kwenda kuujenga ule ukuta. Ofisini, Hyasinti alikuwa amewakusanya wafanyakazi waone kwamba televisheni ilikuwa na hitilafu tu. Pankras akawasha. Kioo kikauliza nani anatazama, na chini yake palikuwa na jina moja: *Mama Somoe, Mbamba Bay. Kulipia mwezi ujao piga namba hii.*

Jacqueline aliinakili namba kimya kimya.

"Mwezi ujao?" alisema Hyasinti. "Si uliniambia mpaka nazikwa?"

Pankras aliomba dakika moja, akatoka kibarazani kupiga simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umefika salama?"

"Mama, akaunti yangu."

"Ilikuwa inakufa, mwanangu. Nimeilipia, sasa ni nzima. Watu wako wameanza kunipigia, nami nawaambia ukweli: inalipiwa kila mwezi."

"Na begi langu?"

"Lipo. Viboksi vitatoka kimoja kimoja, kila kimoja kwa mteja wake, na wewe ndiye utakayewafungia."

"Nikikataa?"

"Wananiuliza aliyewadanganya ni nani. Nimewajibu ni fundi wangu, alikosea maelezo. Niendelee kujibu hivyo, au nibadilishe?"

Pankras alichungulia dirishani. Hyasinti alikuwa amekunja mikono, anamsubiri. Huyo asingekwenda polisi, maana angeulizwa kiboksi cha pili kiko wapi. Lakini wale wengine wa mgahawani na mitaani hawakuwa na aibu hiyo.

"Endelea hivyo hivyo, mama," alisema.

Siku hizi utamkuta barabarani, leo Kigonsera, kesho Liparamba, viboksi vimefungwa nyuma ya pikipiki, akiwatajia watu bei ya kweli kwa maumivu makubwa. Majuzi alipita ofisini kwa Hyasinti kurekebisha waya.

"Hivi huyo mama anakulipaje?" aliuliza Hyasinti.

Pankras alitazama kwanza kama Jacqueline anasikia.

"Mshahara," akajibu, kwa sauti ya chini ya mtu anayetaja ugonjwa wake.