Mchujo Mpya, Bendera na Mama Mkwe

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Nchi nzima imepumzika, mimi moyo unadunda tangu asubuhi. Kamati ya mashindano ya pikipiki imebadilisha mchujo!

Nieleze vizuri, maana siku moja shajara hii itasomwa na watu wa maana. Kila mwaka, pamba ikishauzwa, tunashindanisha pikipiki kwenye uwanja wa vumbi nje ya Somanda. Jumamosi mchujo, Jumapili fainali. Miaka yote mchujo ulikuwa wa kistaarabu. Dereva anazunguka peke yake, mtu wa saa anampima, wenye muda mzuri wanaingia fainali. Sasa wote wataondoka pamoja, na kila mzunguko ukiisha, aliye wa mwisho anatolewa hapohapo. Anasukuma pikipiki yake kando huku watu wanamtazama. Wakibaki sita, hao ndio wa fainali.

Wazo la nani? La Hanif, muuza spea. Anasema aliliona kwenye televisheni, kwenye magari ya Ulaya.

Kundi letu la WhatsApp limewaka. Eufrasia, mama lishe, ametuma sauti ndefu kulalamika kwamba mchujo wa zamani ulimruhusu kwenda kukaanga samaki, akarudi, akakuta hajakosa kitu. Huu mpya utamuunguzia mafuta. Constantine, katekista, amesema ule wa zamani ulikuwa wa haki, kwa sababu kila mtu alisimama peke yake kama siku ya hukumu. Vijana wa bodaboda wao wanacheka tu na kutaka Jumamosi ifike. Mtu mmoja amejitoa kwenye kundi kwa hasira, kisha akaomba arudishwe ili aone wengine wamesemaje alipotoka.

Nimetafakari kwa muda wa kuziba pancha moja. Hanif anagombea nami uenyekiti wa mashabiki. Hanif anautaka mchujo mpya. Basi mimi, Method, siutaki. Siutaki hata kuusikia!

Sababu ya kugombea ni moja. Mwenyekiti wa mashabiki ndiye anayepunga bendera ya drafti kwenye mstari wa mwisho, siku ya fainali. Miraba myeusi na myeupe, Bariadi nzima inakutazama. Mzee Maganga aliyekuwa akiipunga amehamia kwa mwanawe Kiloleli, na bendera ameondoka nayo. Sijawahi kutaka kitu namna hii. Milembe, mke wangu, nilimtaka sana pia, lakini kwa utulivu.

Jumanne, 8 Julai

Siku njema mno. Nimefunga kibanda cha pancha na kuzunguka Somanda nzima nikihubiri dhidi ya mchujo mpya. Kila niliyemwambia amekubali. Eufrasia amekubali na kuniongezea mchuzi. Constantine amekubali na kuniombea. Shigela wa kijiweni amekubali akiwa amepakia abiria, na abiria naye akakubali, ingawa ni mgeni wa Shinyanga.

Mpango: Jumamosi, mchujo ukianza, wote tutaugeuzia mgongo. Mistari mirefu ya migongo! Kamati itaona haya na kurudisha mambo ya zamani. Jioni ile ile tunachagua mwenyekiti, na nani mwingine atachaguliwa?

Kamati ikauliza tuchague kwa njia gani. Nikasimama. Nikasema sisi ni watu wa Simiyu, tuchague kama tunavyochagua ngomani. Kwenye mbina, ngoma zetu za mashindano, ngoma mbili hupigwa uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na watu huenda kwa yule anayewapendeza. Aliyezungukwa na wengi ndiye mshindi. Basi Hanif asimame upande mmoja, mimi upande wa pili, watu watembee. Wakapiga makofi.

Hanif aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamwonea huruma. Mtu amekulia dukani kati ya minyororo na plagi, ataijua wapi mbina? Shigela ameniambia baadaye kwamba Hanif hakosi ngoma hata moja kila mwaka. Ni uvumi.

Jumatano, 9 Julai

Pigo. Mayala, mdogo wake Milembe, ndiye dereva wetu wa Somanda na ndiye fahari yangu. Nilimweleza jinsi tutakavyougomea mchujo kwa ajili yake. Akasema yeye ameupenda. Akasema mchujo wa zamani ulikuwa unamtia usingizi, kuzunguka peke yake kama mtu aliyetafuta ng'ombe akamkosa. Nikamkumbusha kwamba pikipiki yake inachelewa kushika moto. Akasema shemeji, usiogope, si lazima uwe wa kwanza, inatosha usiwe wa mwisho.

Maneno ya mtu asiye na tamaa. Sijui amerithi wapi.

Milembe aliuliza kama Jumamosi nitampa mdogo wake mgongo. Nikamwambia kwamba ni mgongo wa heshima.

Ili kutuliza moyo nimeshona bendera. Mwenyekiti lazima awe na bendera tayari. Nyeupe nimepata kwenye shuka moja lililokunjwa vizuri chini ya sanduku, halitumiki. Nyeusi ni sketi ya kwaya ya Milembe, ambayo pia, kwa maoni yangu, haitumiki vya kutosha. Imetoka nzuri! Nimeipunga nyuma ya nyumba mpaka kuku wa jirani wakahama.

Alhamisi, 10 Julai

Vijana wa kijiweni wanalegea. Leo Shigela amesema ataugeuzia mchujo mgongo, ila atachungulia kwenye kioo cha pikipiki. Nimemwambia mgomo hauna kioo.

Nahitaji watu ambao hawatanitupa. Nimepata wazo nikiwa najaza upepo, na nusura tairi lipasuke kwa furaha. Wakwe zangu! Ukoo wote wa Milembe uko Mwamanyili, na Mayala ni kijana wao. Wakija, watasimama upande wangu, nani atasimama kwingine? Nimewapigia simu. Wamekubali kwa shangwe, watapanda Fuso lililoleta pamba.

Niliuliza kwa adabu kama mama mkwe naye atakuja. Wakasema magoti hayamruhusu. Nimeshukuru kimoyomoyo. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawakaribiani, ni heshima kubwa. Nikimwona njiani naingia mahindini mpaka apite. Wengine wa mjini siku hizi wanalegeza, mimi silegezi. Sura yake naijua kwenye picha ya harusi tu, na hata picha hiyo naitazama kwa upande.

Milembe ametafuta shuka siku nzima. Amesema mama yake alilidarizi mwenyewe, maua kwenye pembe, na yeye alikuwa akilitunza kwa siku ambayo mama atakuja kulala kwetu. Nimemsaidia kutafuta. Nimetafuta mahali pengi sana.

Jumamosi, 12 Julai

Jana sikuandika, nilikuwa nafanya mazoezi ya kupunga.

Leo. Sijui nianzie wapi.

Uwanja ulijaa. Fuso la Mwamanyili lilifika likiimba. Pikipiki zikajipanga, vumbi likaanza kabla hata hazijaondoka. Nikapaza sauti, na watu wangu wote wakageuka migongo. Lilikuwa jambo la kupendeza! Constantine alifumba na macho.

Filimbi ikalia. Mzunguko wa kwanza tukausikia tu. Kisha umati mzima wa Hanif, upande wa pili, ukapiga kelele kama bao limefungwa. Kuna mtu ametolewa! Nani? Mgongoni kwangu hakuna macho. Nikaanza kuwaza, labda ni Mayala. Eufrasia akageuka, akisema anaangalia samaki wake. Shigela akageuka bila kusema lolote. Kumbe mimi nilikuwa nimeshageuka tangu kelele zilipoanza, na nilikuwa nimesimama juu ya gunia la pumba.

Mayala alikuwa wa pili kutoka mwisho. Mzunguko uliofuata, wa pili kutoka mwisho. Na uliofuata. Kila mara kuna kidume nyuma yake kinatolewa, na yeye anapita hapohapo kwenye ukingo, kichwa kimeinama, anakwepa kifo kwa upana wa tairi. Nimeona ng'ombe wakifukuzana na nimeona fainali za mpira kwenye televisheni, lakini roho yangu haijawahi kutoka na kurudi mara nyingi hivyo kwa mchana mmoja. Nikapiga mayowe. Nikamkumbatia mtu, nikakuta ni Hanif. Nikamwachia. Samaki wa Eufrasia waliungua wote, na yeye alikuwa akirukaruka, mwiko mkononi. Constantine alisema ameona sasa jinsi siku ya hukumu itakavyokuwa, na kwamba itakuwa nzuri.

Mayala akaingia fainali, wa sita katika sita.

Basi uchaguzi. Nikaamua papo hapo kwamba mchujo mpya niliuunga mkono tangu awali, na nikalitangaza hilo. Watu walicheka, lakini kwa upendo. Hanif akasimama karibu na turubai la Eufrasia, mimi karibu na tangi la maji, bendera yangu begani. Kamati ikasema watu watembee.

Wakaja kwangu! Wakwe walitangulia na kanga zao, vigelegele juu. Nyuma yao kijiwe kizima. Nikamwona Hanif akijifuta jasho na leso. Nikaanza kuikunjua bendera. Nilikuwa nimeshaipata, naapa, nilikuwa nimeshaipata.

Hapo wakwe wakapisha katikati. Bibi mmoja mwenye fimbo akapita, anakuja moja kwa moja kwangu, anatabasamu, anataka kumpa mkwewe kura yake. Sura ile niliijua. Picha ya harusi! Fuso lilikuwa limeyaleta hata magoti yake.

Sikufikiri. Pale hapakuwa na mahindi ya kuingilia. Nilijifunika uso kwa bendera, nikainama, nikakimbia nilikoelekea, na nilipofunua uso nilikuwa nyuma ya mgongo wa Hanif.

Watu wakashangaa kidogo tu. Kwenye mbina, mpiga ngoma akiiacha ngoma yake na kukimbilia ya mwenzake, maana yake ni moja, amekubali kushindwa. Mtu hahitaji kuelezwa. Wakaanza kumiminika upande huu wote, kijiwe, Eufrasia, Constantine, hata wakwe. Nilijaribu kuwaambia warudi. Shigela aliniuliza kama nilitaka warudi, kwa nini nami sirudi. Nikatazama kwenye tangi. Mama mkwe alikuwa bado pale. Sikurudi.

Kura yangu ilikuwa moja, ya mama mkwe, peke yake kando ya tangi na fimbo yake, akiuliza watu wamekwenda wapi.

Hanif ndiye aliyekwenda kumchukua. Alimwamkia "mwadila, mayu" kwa Kisukuma safi, akamshika mkono, akamletea kiti na soda. Mkono wa mama mkwe wangu! Nina uchungu. Nina uchungu sana, nasema wazi.

Jumapili, 13 Julai

Asubuhi Hanif alikuja nyumbani kuomba bendera, kwa kuwa mwenyekiti hana ya kupunga. Nilikuwa nyuma ya nyumba, maana mama mkwe amelala sebuleni. Kabla sijafikiria jinsi ya kukataa, Milembe alikuwa ameshaitoa chini ya godoro na kumpa. Hanif aliikunjua, Milembe akaitazama sana. Akaitambua sketi kwanza, kisha maua ya pembeni. Hajasema nami tangu saa hiyo. Kwayani amekwenda na gauni la njano.

Fainali haina kudondosha mtu. Mayala alikuwa wa sita tena, na safari hii hakukuwa na wa kumkinga nyuma. Mashabiki wamekasirika kweli. Wanasema fainali ya zamani inachosha, mwakani nayo iwe ya kutoana. Nimekuwa wa kwanza kutia saini.

Na bendera. Hanif aliipunga vibaya, anapunga kama anafukuza nzi. Hata hivyo uwanja ulilipuka. Mama mkwe alikuwa kwenye kiti cha mbele, akaona maua yake aliyoyadarizi yakipepea juu ya Bariadi, akasimama bila fimbo na kupiga kigelegele. Alidhani amefanyiwa heshima. Alimshukuru Hanif, wabeja sana, na wakala mandazi kwenye sahani moja. Niliona yote haya nikiwa nimejibanza nyuma ya tangi.

Pale nyuma ya tangi, lakini, wazo likanijia. Kubwa kuliko yote!

Milembe ana mdogo wake wa kike, Scola, msichana mzuri, bado hajaolewa. Hanif naye hana mke. Tukimwozesha Scola kwa Hanif, mama mkwe wangu anakuwa mama mkwe wake. Mwakani mama huyo anasimama upande wa Hanif tu, na Hanif itambidi akimbie! Atakimbilia wapi? Kwangu. Na watu wote nyuma yake. Mambo ya dini wazee watayazungumza. Kwamba Hanif anamshika mkono na kula naye mandazi si tatizo, akishaoa atajifunza aibu.

Nimemweleza Milembe kupitia dirishani. Alifunga dirisha taratibu, kwa hiyo anafikiria. Mayala ameniletea ujumbe kwamba mama ameupenda sana mchujo, atakaa kwetu mpaka mwakani ili asiukose.

Vizuri kabisa. Naandika haya nikiwa kwenye banda la kuku. Mpango unakwenda.